Zebaki Kwenye Kambale

"Mama Devota, maji ya bwawa hili yana tindikali," mtaalamu aliyetoka Mikumi alimwambia asubuhi. "Ndiyo inayosaidia zebaki ya wachenjuaji dhahabu igeuke sumu na kujaa kwenye samaki. Hata ukimchemsha, haitoki."

Mumewe, mchenjuaji dhahabu, alicheka aliposimuliwa. Jioni, wakila, akamega kambale wa bwawa lile, akambana binti yao mashavu ili amlishe kwa nguvu.

"Baba Devota, mwache mtoto!"

Akamzaba mkewe kofi lililompasua mdomo, kisha akamrudia binti.

Mama Devota alitema damu. Akachomoa mchi kwenye kinu, akaushusha. Mfupa wa mkono wa mumewe ukalia kama kuni kavu. Mnofu wa kambale ukaanguka mchangani.

Huku akigumia, mume akanyoosha mkono uliobaki kulifuata panga lililoegemezwa ukutani. Mama Devota akaunyanyua mchi tena.