Njano Namba Sita

Namtipa alikwishavuka geti la hospitali, mwanawe mgongoni. Madaktari waliokuwa wakitafiti ugonjwa wake walimwambia hata baada ya upasuaji mfereji wa nyongo haukufunguka, basi ampeleke tu nyumbani.

"Dada, hiyo kadi ya rangi ni ya hospitali, haitoki," mlinzi alimwita.

Ndiyo kadi ya rangi zenye namba aliyolinganishia choo cha mtoto kila asubuhi, na kila mara kikawa cheupe kama chokaa, hakina nyongo. Mtoto akachafua palepale. Namtipa akamshusha, akafungua nepi, akasogeza kadi.

"Kaka, nitazamie. Ngapi hii?"

"Mimi nalinda geti, sipimi vinyesi." Akainama hata hivyo. "Sita. Njano kabisa."

Hapo getini Namtipa hakuwa na mwingine wa kumwambia. Akageuka kurudi wodini kuwaonyesha kwamba nyongo inapita.

Mtoto alikua, akahamia mbali. Mlinzi alistaafu. Namtipa anaishi peke yake, kadi aliyoachiwa mwishowe imeegemea dirisha, njano ikipauka.