Pini ya Mkono wa Juu

Pini ya tatu nayo ilipotea mchana, baada ya wali na kabla ya chai.

Zahor alilizunguka trekta, akapiga magoti, akachungulia mpaka kwenye bomba la moshi, kana kwamba chuma kinene kama kidole gumba kingeweza kupanda huko kupunga upepo. Trekta lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, zawadi ya marafiki wa ng'ambo walioyapenda Mapinduzi kiasi cha kuyaletea mashine isiyo na mikono. Mikono ilifuata baadaye ndani ya kasha: miwili ya chini na mmoja wa juu, yote ya kushikia plau. Kazi ya Zahor ilikuwa kuifunga. Ya chini ilikaa kwa adabu. Wa juu ulitaka pini moja tu, na bila ya hiyo plau lilianguka kifudifudi kama mgeni aliyezidisha tembo.

"Zahor," alisema Jecha, mkuu wa kambi ile ya kilimo ya Mtoni, "babu yako alikuwa na mikarafuu haina hesabu. Mjukuu kashindwa na kijiti cha chuma?"

"Pini zinaibiwa, bwana mkuu."

"Zinaibiwa. Na mwizi mwenyewe hataki spana, hataki petroli, hataki tairi. Kapenda pini." Jecha akatabasamu kwa upole mkubwa. "Mheshimiwa anakuja Jumamosi. Plau likinyanyuka, tutapiga makofi. Lisiponyanyuka, hiyo ni hujuma, na gari la kukupeleka jela nshaliomba. Nimeomba lenye kiti, usije ukasema hatukukuheshimu."

Mwizi Zahor alimjua. Nani asingemjua? Kila mchana Mzee Machano alipita pale akiwapeleka maksai wake kunywa maji. Nusu ya mabonde ya huko yalilimwa na maksai wale, na siku trekta litakapolima, wao watakuwa mchuzi.

"Shikamoo, Mzee Machano."

"Marahaba, fundi. Mtoto wako hajasimama bado?"

"Kuna mtu anamvunja mkono."

"Maskini." Mzee akampapasa ng'ombe mgongo. "Hawa wangu Mungu kawaumba na pini zao ndani. Mwizi atazifikia wapi?"

Akaenda zake taratibu, na Zahor akaukodolea macho mfuko wa koti lake mpaka ukapotea minazini.

Aliyemwonea huruma alikuwa mmoja, mkewe Badriya. Kila siku alileta chakula kutoka kibanda chao nyuma ya shamba, akakaa naye chini ya turubai, akamlindia zana wakati anaposwali na anaposinzia kidogo.

"Unakimbilia wapi, bwana?"

"Nnakimbilia Jumamosi."

"Kaka yangu Turki naye alikimbia. Mashine yake ikawaka vizuri, akasifiwa, akapelekwa Pemba wiki moja. Huu mwaka wa pili. Analala kambini na wanaume watupu, mkewe haruhusiwi hata kuchungulia."

"Turki hakutishwa na jela."

"Jela," alisema Badriya, kama mtu aliyetajiwa mtaa wa pili, akakusanya bakuli zake akaondoka.

Pini ya nne Zahor aliichonga kwa tupa kutoka ekseli ya gari bovu, mpaka viganja vikamtoka malengelenge. Safari hii hakuiacha kwenye trekta. Aliifunga kiunoni, akala nayo, akaswali nayo, akalala nayo ikimchoma ubavu.

"Hata shati huvui, na joto lote hili?" Badriya alimuuliza.

"Mwizi ana macho, bibi."

"Anayo," alikubali Badriya. Wali wa siku ile haukuwa na chumvi.

Jumamosi Mheshimiwa alikuja na hotuba, na hotuba ikaja na wajukuu zake. Ilipokwisha, Zahor alitoa pini kiunoni mbele ya watu wote, akaichomeka, akavuta wenzo. Plau likanyanyuka polepole kama bibi harusi anayeinuka mkekani. Likashuka, likauma ardhi. Makofi yakalia. Hata Mzee Machano alipiga, kisha akauliza kama trekta nalo linatoa samadi.

Jecha akatangaza kwamba imani yake kwa kijana huyu haikutikisika hata siku moja.

"Fundi kama huyu hapa anaoza bure," alisema Mheshimiwa. "Pemba kuna matrekta yamelala. Jumatatu apande meli."

"Kwa muda gani, mheshimiwa?" aliuliza Zahor.

"Mpaka yaamke."

"Na gari la kukufikisha bandarini lipo tayari," alisema Jecha. "Lina kiti."

Zahor alirudi kibandani karibu mbio. Pemba ni Pemba, lakini jela kaiepuka. Alimweleza mkewe kila kitu: pini, plau, makofi, na Machano na hila zake zilivyogonga mwamba.

Badriya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatia mkono uvunguni mwa kitanda, akatoa kitambaa, akazimwaga miguuni pa mumewe pini tatu, zote zimepakwa mafuta ya nazi zisishike kutu.

"Jela ni hapo mjini tu," alisema. "Ningekuletea chakula kila siku, kama nnavyokuletea hapa. Pemba, bwana, ntafika kwa mguu gani?"