Rovu la Ng'ombe wa Gari

Bwana mifugo alikuja Mgogoni kumkagua ng'ombe kabla hajachinjwa, vidole vyake vikakwama kwenye uvimbe uliojaa kooni. Ng'ombe alisimama tu, kichwa chini, manyoya yamemnyonyoka mabegani.

"Bi Rahila, nani kakwambia mvivu huyu? Ana rovu. Tezi yake ya shingo imechoka."

Rahila alitazama makovu ya fimbo mgongoni. Msimu mzima wa karafuu alimpiga avute gari, naye akajikokota bila kurusha hata teke.

"Dawa yake ipo?"

"Ni vidonge hivi hivi unavyomeza weye kwa tezi yako. Lakini kwa mwili huu, kopo lako zima halimtoshi siku moja."

Mchinjaji aliyekuwa akingoja kando alikohoa. Kisu alikuwa keshakinoa.

Rahila alikilaza kiganja chake shingoni mwa ng'ombe. Shingo ilikuwa baridi, na jua limeshapanda.

"Nisamehe, baba," alimnong'oneza.

Kisha akamgeuza yeye mwenyewe kuelekea kibla.

"Njoo," akamwambia mchinjaji. "Kamba nitaishika mie."