Maktaba Zilizofutwa

"Mimi ndiye niliyemnyamazisha," mke alisema kwa mara ya tatu, na fundi akamwomba asogeze kiti kwanza, maana soketi ilikuwa nyuma yake.

Siku kumi na tisa mumewe hakuwa amesema neno. Ugonjwa ulimnyang'anya mikono, kisha ulimi. Lakini kabla haujafika huko alijiandikia programu, na kwa kitufe kidogo kilichobandikwa shavuni aliiendesha kompyuta nzima: alichagua herufi moja moja, nayo ikamsemea. Miaka kumi na miwili waliishi hivyo. Walipiga soga, wakagombana, wakapatana. Ndipo siku moja mashine ikaomba kuwekewa mfumo mpya. Mke akabonyeza Ndiyo, akatoka kuanika mashuka. Aliporudi, programu haikufunguka tena.

"Mfumo mpya hauna ubaya, shemeji," alisema fundi, ambaye zamani alifanya kazi ofisi moja na mgonjwa. "Programu yake ndiyo ya kale. Inategemea maktaba za zamani, mafaili ambayo siku hizi hayatumiki tena. Ukiyaondoa, ni sawa na kumnyang'anya mzee mkongojo."

"Na nani kayaondoa kama si mimi? Sikusoma hata mstari mmoja. Haraka haraka haina baraka, na mimi najijua."

Fundi akamgeukia mgonjwa kwa utani wao wa zamani. "Bosi, ungeandika programu kama watu wengine, saa hizi ningekuwa kwangu nimelala."

Mgonjwa alitazama dirishani. Mke aliona uso ule, roho ikamuuma. Sentensi ya mwisho ambayo mashine ilimsemea mumewe ilikuwa, "Nimeshasema yote," naye mke alicheka, akamjibu, "Wewe? Maneno yako yana mwisho?" Laiti angejua, angekaa chini amsikilize mpaka jua lizame.

Alasiri maktaba zilipatikana kwenye diski ya akiba. Fundi alizirudisha mahali pake, programu ikafunguka, na herufi zikaanza kupita kwenye skrini. Mke alilia bila kujificha. Alikibandika kitufe kwenye shavu la mumewe.

"Sema, baba watoto. Hata kunitukana, nitukane. Sema chochote."

Herufi zilipita zote, zikaanza upya. Shavu halikutikisika.

"Shavu lenyewe bado lina nguvu?" fundi aliuliza.

"Linazo. Asubuhi nilipomnyoa alilikunja, wembe ukanisumbua." Akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Ana hasira na mimi, na ana haki. Nionyeshe nilipokosea, shemeji. Nimwombe radhi kwa kosa ninalolijua."

Fundi alifungua kumbukumbu za mashine za siku ile. Akasoma, akataka kuzifunga. Mke aliushika mkono wake, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

*Saa nne na dakika kumi asubuhi. Maktaba za zamani: zibaki au zifutwe? Zifutwe.*

*Una hakika? Ndiyo.*

*Jibu limetoka kwenye: kitufe cha shavuni.*