Paji Tupu la Wifi

Wifi aliposogeza ukingo wa sari kujifuta jasho, Nirupama aliona paji lake la uso halina kitu. Alama nyekundu ya kumkumu, ya mwanamke mwenye mume, ambayo wifi hakuwahi kuikosa hata alipokuwa hoi kitandani, leo haikuwapo. Shingoni nako, shanga nyeusi za ndoa zilikuwa zimevuliwa.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi ndani ya mahakama ya Sirsi, wakingoja kesi ianze. Nirupama alimwinamia sikioni.

"Wifi, habari imekuja kutoka Maskati? Mumeo amekufa?"

"Bado," wifi alijibu, akajifunika tena hadi kwenye nyusi.

Huyo mume wa Maskati Nirupama hakuwahi kumwona. Siku alipoletwa akiwa bibi harusi katika nyumba ya Gajanana, mfanyabiashara wa popoo, aliambiwa tu kwamba huyu dada wa mumewe ameachwa na mume aliyekwenda kutafuta maisha ng'ambo. Hana mtoto, maskini, mvumilie. Ikawa kinyume: wifi ndiye aliyemvumilia yeye. Alimfundisha kupika mchuzi anaoupenda Gajanana, akamwogesha mtoto wa Nirupama, Chinmayi, tangu siku aliyozaliwa. Asubuhi, wifi akiwa mbele ya kioo, Nirupama alikuwa akimtania: "Unajipamba kwa ajili ya nani? Wa Maskati haioni hiyo."

"Anaiona," wifi alikuwa akisema.

Sasa Gajanana alikuwa amemfukuza Nirupama pamoja na mtoto, kwa sababu ya mwanamke wa Hubli. Nirupama alipodai matunzo, mume akaleta jibu lililomwacha mdomo wazi: huyu si mke wangu. Nilipomwoa nilikuwa na mke mwingine, na bado yu hai. Sheria ya ndoa ya Wahindu humruhusu mwanamume mke mmoja tu. Wakili wa Nirupama hakumficha kitu: huyo wa kwanza akisimama mahakamani na kukubali, zile hatua saba za harusi mlizotembea mbele ya moto zitakuwa matembezi tu, na wewe utatoka hapa mikono mitupu. Baba yake Nirupama alikwisha kuuza bustani ili amwoze. Yeye hakubakiwa na mlango mwingine wa kubisha.

"Ni mwongo," Nirupama alinong'ona. "Nimeishi nyumba ile miaka yote hiyo. Mke gani huyo, hata wewe humjui?"

"Hakuna anayemwona," wifi alisema.

Upande wa pili wa ukumbi, Gajanana aliwatazama akatabasamu. Ndiye aliyemleta wifi kwa gari lake, na walipoingia alimwambia, kwa sauti ya kusikika, akakae na mwenzake waagane vizuri. Nirupama alimchukia zaidi kwa kejeli ile kuliko kwa kufukuzwa.

"Kesi ikiisha utabaki wewe ndiye bibi wa nyumba," alimwambia wifi. "Angalau wewe."

"Ameniahidi hivyo. Tena mbele ya watu wote." Wifi aliushika mkono wake. "Kitu hicho nimekililia sana, mdogo wangu."

"Na ukimuudhi?"

"Sina pa kulala."

Karani alisimama akaita. Shahidi wa Gajanana, mke wake wa kwanza, aje mbele.

Nirupama aligeuka kuutazama mlango. Hakuingia mtu. Kisha mkono uliokuwa umeushika wa kwake ukaachia, na wifi akainuka.

Alipanda kizimbani, akaapa. Wakili wa Gajanana, ambaye tayari alikuwa akikusanya makaratasi yake kama mtu aliyemaliza kazi, alimwuliza yule mwanamume aliyekaa pale ni nani kwake.

Wifi akaishusha sari hadi mabegani. Gajanana aliliona paji lile, na tabasamu likamwisha.

"Ni kaka yangu," wifi alisema. "Muulizeni wifi yangu."