Chupa ya Ghalia

Chupa ya Ghalia ilikuwa kubwa. Haifa aliiona tu, roho ikamuuma.

"Mama, mbona mimi kijichupa na yeye chupa nzima?"

"Wewe nawe! Mwenzio hana mama," alisema Bi Mwanabaraka, akikaza vifuniko. "Mtakunywa ndani ya treni, kila mtu kombe lake. Ghalia mwanangu, usibakishe hata tone. Nimekuzidishia asali."

Asali! Haifa akafyonya, akavaa koti.

Kila ukifika mtihani, Bi Mwanabaraka huwafanyia kombe: aya anaziandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaziosha kwa marashi ya waridi, wanakunywa. Ndivyo alivyofanyiwa Pemba na mama yake, na ndivyo anavyofanya hapa ughaibuni, Woolwich, ghorofa ya nne. Kombe hufungua akili na kutuliza moyo.

Na moyo wa Haifa ulitaka kutulizwa. Mtihani huu wa kuingia chuo cha biashara ulimshinda mwaka jana kwa hofu tu. Hesabu alizijua, lakini alipokaa mbele ya kompyuta akili ikamruka. Safari hii jumuiya yao imeahidi kumlipia ada mtu mmoja, atakayemzidi mwenziwe alama. Walioomba ni yeye na Ghalia.

Huyo Ghalia sasa! Mtoto wa marehemu wifi yake Bi Mwanabaraka. Kaja kutoka Chake Chake mwaka juzi na begi moja, na tangu siku hiyo nyumba nzima ni yeye. Paja la kuku, Ghalia. Chumba chenye dirisha kubwa, Ghalia. Majirani wanasifu, "Mwanabaraka una moyo, mtoto wa wifi unamlea kama wako!" na mama mtu anachekelea.

Kila asubuhi Ghalia hukaa kwenye zulia, kafumba macho, anavuta pumzi taratibu. Ati anajizoeza kuuona mtihani kabla haujafika. Siku moja Haifa naye alijaribu. Akafumba macho, akamwona Ghalia.

Kwenye treni hakuweza tena kujizuia.

"Kunywa basi, da Haifa," Ghalia alimwambia.

"Ninywe nini? Hii si dawa ya macho hii? Wewe ndiye uliyetiliwa kombe."

Ghalia akacheka. "Khaa! Kwa hilo tu? Hebu chukua yangu. Mimi kidogo chanitosha."

"Kweli?"

"Wallahi. Si mama mmoja katufanyia?"

Haifa hakungoja kubembelezwa. Akaigugumia chupa kubwa mpaka akaikung'uta. Tamu, ila chini ya utamu palikuwa na uchungu kidogo. Zafarani imezidi, alijiambia. Ghalia alikunywa kile kijichupa kwa mkupuo mmoja, akafumba macho. Haifa akamtazama, na kwa mara ya kwanza akaona mtoto wa watu hana ubaya.

Kwenye chumba cha kungojea, msimamizi aliwaambia wafungie simu kwenye makabati. Mtihani ukianza, alisema, mwenye kutoka atoke, saa haimngoji mtu. Ghalia akawa wa kwanza kuingia.

Tumbo la Haifa likanguruma. Hofu hiyo, alijiambia, akavuta pumzi taratibu kama Ghalia. Simu ikatetemeka mkononi kabla hajaifungia kabatini.

"Umeshakunywa, mwanangu?" Bi Mwanabaraka alinong'ona.

"Nimekunywa, mama."

"Na chupa kubwa?"

"Imekauka. Hata tone halikubaki."

"Alhamdulillahi! Basi ukimwona mwenzio anakimbia chooni, usigeuke, tazama kompyuta yako. Nafasi yako hiyo, nani kasema nitampa mtoto wa wifi? Na usiogope dhambi, mwanangu. Chupa ile sikutia aya hata moja, siwezi kuchezea maneno ya Mungu. Ile haluli ya kuharisha na asali tupu."