Ukuta Alioutaka Nungunungu

Haya, ilikuwa hivi, na wala si zamani sana. Bibi Nungunungu na Kanga, yule ndege asiyenyamaza, walikaa bondeni kwenye vibanda vya mabati vilivyopakana. Kila alfajiri Kanga alikwaruza bati kwa ukucha. "Shoga, umeamka?"

"Nimeamka! Nitalalaje na wewe upo?"

Ndivyo walivyojuliana hali miaka yote.

Siku moja Tembo, mkubwa wa mji, akaja kuwajengea wanyama wa bondeni nyumba ya ghorofa. Akamuuliza kila mmoja anataka nini. Kanga akaomba bomba la maji. Nungunungu akasema, "Mimi, baba, nipe ukuta mnene, nisimsikie huyu."

Wakahamia, vibanda vikavunjwa. Asubuhi Kanga akakwaruza ukuta. Kimya. Akacheka, "Amepata alichotaka, mwache alale."

Kumbe Nungunungu alikuwa ameteleza kwenye sakafu mpya ya vigae, nyonga imevunjika, naye anaita. Aliita siku tatu.

Siku ya nne harufu ikapenya chini ya mlango, Tembo akauvunja. Walimkuta Nungunungu amekufa, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa upande wa Kanga, na miiba yake imejaa kwenye plasta.

"Oneni alivyouharibu ukuta wangu!" Tembo akafoka.

Kanga akaigusa ile miiba, mmoja mmoja. "Hakuuharibu, baba. Alikuwa ananijibu kwamba ameamka."